Mavi ya Gwata, Mbawakawa wa Mzenga

4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo saa nane mchana hapa Visiga, na kuku wangu wameloa wote kwa ubishi wao. Kazini nako nimeitwa ofisini nikaambiwa masika yote nitamsaidia mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayeitwa Hajira Abeid. Nikauliza anatafiti nini. Mbawakawa wa mavi! Miaka ishirini na miwili mimi Efrazia ni fundi wa maabara katika kituo chetu cha wadudu hapa Kibaha, nimelea watoto watatu, nimebakiza miaka miwili nistaafu, na leo ndiyo naambiwa nikazoe mavi ya ng'ombe. Jamani.

5 Machi

Amekuja. Mwembamba, ushungi wa kijani, daftari limejaa matope. "Shikamoo, Mama Didas." Kumbe ameshauliza jina la mwanangu wa kwanza. Nikaitikia marahaba bila kutabasamu, nisije nikazoeleka mapema.

Akanimwagia mezani mbawakawa kumi weusi, wadogo kama mbegu za papai. "Watano wa msitu wa kwetu Mzenga, watano wa malishoni Gwata. Nitenganishie, mama."

Kazi ya kutenganisha wadudu ndiyo inayonilisha. Nikavaa miwani, nikawaweka chini ya hadubini, nikahesabu mikunjo ya mbawa, nikapima pembe. Nusu saa nzima. Nikashindwa, na nilichukia kushindwa mbele ya mtoto.

"Hata mimi siwezi," akasema. "Vitabu vinasema hawa ni wamoja. Mimi nasema siyo. Wale wa msituni, hatua hamsini nje ya miti huwapati hata ukeshe. Wa Gwata wanaishi juani. Wamefanana sura tu."

"Sasa utajuaje, kama macho hayaoni?"

"Kwa vinasaba. Mama, wewe si unaimba kwaya? Chukua wimbo unaonakiliwa kwa mkono, mtu kwa mtu. Mmoja akikosea neno, wote watakaonakili kwake watabeba kosa hilohilo. Ukikusanya nakala zote ukazilinganisha, utajua nani alinakili kwa nani, na nani walitengana zamani. Mdudu naye ana kipande cha vinasaba anachorithi kwa mama yake, na humo mna makosa ya mabibi zake wote."

Nimeelezwa vinasaba na maprofesa wa kila aina, na hakuna aliyewahi kunieleza nikaelewa upesi hivyo. Sikumwambia.

Tarehe 29 Mei atasimama mbele ya jopo. Ruhusa yake ya masomo inaisha siku ya pili yake, imeshaongezwa mara mbili na ya tatu haipo. Asipothibitisha kwamba hawa wa Mzenga ni ukoo wa peke yao, anarudi kufundisha biolojia sekondari mikono mitupu, na miaka minne imekwenda na maji.

11 Machi

Gwata, kwa mzee Magembe, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko majirani zake wote. Tulifika kumepambazuka, matope mpaka vifundoni.

Magembe alipojua Hajira ni Mzaramo alicheka mpaka akashika fito za boma. "Watani zangu bwana! Mmemaliza kutuomba maziwa, sasa mmefikia mavi?"

"Tunachukua kilicho bora kwenu, babu," Hajira akamjibu. "Ng'ombe wenyewe tumeona wamekonda."

"Wewe! Ukifa mimi ndiye nitakayekaa mlangoni nidai kanga zako."

"Utazikuta zinanuka mavi yako."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Tukajaza ndoo mbili. Magembe akatuapia kwamba hayo ni ya alfajiri, yametoka sasa hivi, hayajaguswa na mdudu. Haya ndiyo chambo tutakachotegea kule msituni.

12 Machi

Hajira amekwenda Dar kufuata dawa za maabara. Ameniachia agizo: ndoo zikae kwenye friza siku mbili, mavi yagande kabisa. Umeme umekatika tangu asubuhi.

13 Machi

Umeme bado. Hajira ametuma ujumbe: "Mama, ndoo zimeganda?" Nikajibu: "Tayari." Kuna haja gani ya kumtia mtu presha akiwa safarini. Miaka yangu yote sijawahi kuona mtu akigandisha mavi. Mavi ni mavi, na haya ni ya alfajiri.

14 Machi

Mzenga. Sadick, dereva wetu, aligoma kuingia msituni kwa sababu ya siafu, akabaki kwenye gari na redio yake. Tukaingia wawili. Tulichimbia vikombe ardhini mpaka midomo ikalingana na udongo, na juu ya kila kikombe tukaning'iniza kifurushi cha mavi kwenye kitambaa. Mbawakawa anafuata harufu, anateleza, anaingia. Mitego ishirini.

Binti huyu humjui mpaka umwone msituni. Alilala kifudifudi kwenye majani mabichi, ushungi ameufunga kiunoni, akimtazama mdudu mmoja akisukuma kidonge chake. Robo saa hakutikisika. Aliponyanyuka shavu lote lilikuwa udongo, akaniambia, "Mama, huyu amekwepa mzizi mara tatu na hajapoteza njia." Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeletewa habari njema za nyumbani.

17 Machi

Mvua. Mguu unauma.

18 Machi

Tumevuna mitego. Wamejaa, zaidi ya sitini. Hajira alinikumbatia. Ananuka moshi wa kuni na spiriti.

27 Machi

Wiki nzima tuko maabara, na ishirini tuliowachagua wa Mzenga na ishirini wa Gwata ambao Hajira aliwakusanya malishoni zamani. Kila mbawakawa anang'olewa mguu mmoja tu, wa nyuma kulia, mwili unabaki mzima kwenye kichupa na lebo yake. Mguu mmoja unatosha kutoa vinasaba. Nimewaona wanafunzi wengi wakisaga mdudu mzima kwa uvivu, halafu baadaye hakuna wa kumrudia. Huyu akishika kibano mkono hautetemeki, na kila anapomaliza mmoja ananong'ona, "Asante, bwana mkubwa."

2 Aprili

Jeli, inayoonyesha kama vinasaba vimetoka, imewaka mistari yote ishirini ya Mzenga na yote ishirini ya Gwata. Katika mistari arobaini haukukosekana hata mmoja! Mimi mwenyewe jeli zangu za kwanza zilikuwa giza tupu. Tumezituma sampuli Dar zikasomwe.

9 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya Mzenga imekatika.

15 Aprili

Mvua. Hajira ameniletea mihogo ya kwao, nimempa mayai.

22 Aprili

Majibu yamerudi.

Alifungua kompyuta asubuhi, mimi nikiwa nyuma yake na chai. Mashine ikapanga wadudu kwenye mti wa ukoo, tawi kwa tawi. Wale ishirini wa Gwata wamekaa pamoja. Wa Mzenga kumi na watatu wamejitenga kwenye tawi lao, mbali kabisa. Lakini saba wa Mzenga wameketi katikati ya watu wa Gwata kama waliozaliwa nao.

Hajira akarudia hesabu. Saba. Akabadilisha njia ya kuhesabu, akarudia. Saba.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake aina zote mbili zimo msituni, mama. Huenda zinazaana, hakuna mpaka. Nilichokuwa nasema miaka minne ni uongo."

Nikaona macho yake yamejaa. Nikasema kilichonijia mdomoni. "Waondoe hao saba. Sema sampuli ziliharibika. Nani atajua?"

Aligeuka akanitazama, hakukasirika, alishangaa tu. "Mama Didas, nimewaendea mwenyewe kuwauliza ndugu zao ni nani. Wameshanijibu. Sasa niwazibe midomo kwa sababu jibu silitaki?"

Akanywa chai yangu, akaanza kuandika jibu lilelile lililomuua.

23 Aprili

Nimeamka nalo. Ndoo zile. Mavi hayakuganda.

Nimefikiri nikichota maji, nimefikiri nikichambua mboga. Mbawakawa hawa wadogo wanaingia kwenye mavi yangali moto, na mvua ilikuwa imeshaanza, wamejaa kila mahali. Kama walikuwa wameshaingia kule bomani, basi mimi ndiye niliyewabeba wakiwa hai ndani ya ndoo mpaka Mzenga, nikawaning'iniza juu ya vikombe, wakadondoka wenyewe. Kugandisha ndiko kungewaua. Ndiyo maana aliagiza.

Ee Mungu wangu. "Tayari," nilimwambia.

24 Aprili

Sikusema.

25 Aprili

Sikusema. Nimesafisha rafu zote za maabara ambazo hazikuwa chafu.

26 Aprili

Kwaya. Sikuimba, nilifungua mdomo tu.

28 Aprili

Nimesema, na ninaandika yote hapa nisije kujidanganya baadaye kwamba nilisema vizuri.

Nilimkuta anaandika barua kwa mwenyekiti wa jopo, Profesa Elinipa, mama anayeogopwa na kila mwanafunzi wa wadudu nchini. Anamwambia kwamba nadharia yake imeanguka, na kwamba atasimama mbele ya jopo aeleze hivyo hivyo ilivyoanguka. Alinisomea sentensi kadhaa aone kama Kiswahili chake kimekaa sawa. Kimekaa sawa sana. Hakumlaumu mtu, wala mvua, wala mashine. Nimefanya kazi na wakubwa wenye vyeti ukuta mzima ambao mdudu mmoja akiwapinga wanamtupa dirishani. Huyu mtoto anakubali kupoteza kila kitu kwa sababu wadudu saba wamesema hapana. Nikajiona mdogo mno. Mficha uchi hazai, alikuwa akisema mama yangu, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wangu kwa kutumia maisha ya mtu mwingine.

"Hajira, mwanangu, acha kwanza kuandika."

"Namalizia sentensi, mama."

"Acha."

Akaacha.

"Zile ndoo hazikuganda. Umeme ulikatika siku zote mbili. Uliponiuliza nikasema tayari."

"Hazikuganda kidogo, au kabisa?"

"Kabisa. Nilizifunika kwa gunia nikazipakia kwenye gari zilivyo, ukadhani mavi yameyeyuka njiani."

Nilingoja anipigie kelele. Ningefurahi. Akaisukuma ile barua kando.

"Wiki nzima," akasema, "nimekaa nawauliza wadudu kwa nini wananidanganya. Usiku nimemlilia mama yangu. Kumbe wao walisema kweli tupu. Ni wewe, Mama Didas."

Akachukua mkoba akaondoka. Hakuniaga. Nililia chooni, uso nikauosha kwa sabuni ya maabara, mpaka sasa macho yanawasha.

29 Aprili

Nilidhani hatakuja. Saa mbili kasoro alikuwa mlangoni.

"Shikamoo." Basi. Bila Mama Didas.

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu."

"Sitakusamehe leo. Leo tuna kazi." Akaweka daftari mezani. "Na ulichoniambia siwezi kukiandika kwa sababu tu umekisema. Huenda unajibebesha kosa ili unifurahishe. Lazima tukipime."

Jamani! Hata toba yangu anataka kuipima. Nilitaka kukasirika, nikakuta nashangaa tu kwa heshima.

30 Aprili

Gwata, alfajiri, kwa Magembe. Hajira akajaza ndoo moja mavi ya sasa hivi, akaifunika papo hapo kwa kitambaa cha chandarua, akakikaza kwa mpira wa baiskeli, hata sisimizi asipenye. Magembe akaapa tena: ya alfajiri hayana mdudu.

1 Mei

Sikukuu, lakini tumekuja. Tukaifungua ndoo mbele ya Sadick awe shahidi. Mbawakawa walikuwa wamejikusanya chini ya kitambaa. Thelathini na mmoja, hai.

Hajira akampigia Magembe simu akaweka sauti ya juu. "Babu, ya alfajiri yana wageni thelathini na mmoja."

Magembe akajibu: "Hao watakuwa Wazaramo. Kwetu hawapiti bila hodi."

Hajira alicheka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Hakunitazama, lakini alicheka nikiwepo.

3 Mei

Dawa za kutolea vinasaba zimebaki za sampuli ishirini tu. Nyingine hazitafika kabla ya jopo. Kwa hiyo mitego basi. Tutaokota kwa mkono, mbawakawa ishirini, kutoka kwenye mavi ya wanyama wa msitu wenyewe.

6 Mei

Mzenga tena. Pikipiki nusu ya njia, miguu nusu, maana Sadick gari limemshinda kwenye tope.

Mavi ya nguruwe pori na ya ngedere hayawekwi kando ya njia ukayasubiri. Unayatafuta. Hajira alikuwa ananusa hewa, anasimama, anaingia kichakani, na kweli yapo. Mimi na miaka yangu hamsini na minane nilipiga magoti, nikafumua kwa kijiti, mvua inanipiga mgongoni. Kufika saa saba tuna watano. Saa tisa tukawa na mbawakawa tisa. Nikasema turudi kesho.

"Wewe pumzika, mama. Mimi naendelea."

Sikupumzika. Ningepumzika vipi? Tukalala kwao, mama yake akanipaka mafuta ya nazi magotini. Alinipokea vizuri mno, nikajua hajaambiwa. Mtoto angeweza kunisema nyumbani kwao na hakunisema.

7 Mei

Wa ishirini nimempata mimi, chini ya jani la mkuyu, kwenye kinyesi cha ngedere. Nilipiga kelele kama nimeumwa na nyoka. Hajira alikuja mbio, akamwona, akasema, "Mama Didas! Huyo huyo!"

Amenirudishia jina langu.

8 Mei

Miguu ishirini, kulia nyuma. Safari hii kila kichupa nilikiandika mimi, akakihakiki yeye, halafu tukabadilishana.

14 Mei

Mvua inapungua. Tunasubiri majibu ya Dar.

19 Mei

Ishirini kwa ishirini! Wote kwenye tawi moja, pamoja na wale kumi na watatu wa mwanzo. Kati ya herufi mia sita na hamsini za kipande kile, zaidi ya hamsini ni tofauti na za Gwata. Na kipande cha pili cha vinasaba, kinachorithiwa kwa baba na mama, nacho kimesema hivyo hivyo. Ndugu zangu wa Mzenga wamejitenga tangu zamani sana, wamekaa kwenye kivuli chao na sura ya kukopa, na hakuna aliyewajua mpaka binti wa jirani alipowauliza.

Nilimwangalia Hajira akiutazama mti wake. Hakuruka wala kushangilia. Aligusa tawi kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kidole, taratibu. Sijawahi kumpenda mtu wa kazini namna hii, na nimefanya kazi na watu wema.

26 Mei

Amenipa nisome sura ya mbinu. Kuhusu mitego ameandika: "Chambo hakikugandishwa, kikabeba mbawakawa wa Gwata hadi msituni." Namba zote zimo, na ile ndoo ya thelathini na mmoja. Jina langu halimo. Nilimshukuru. Mkuu wa kituo atakuwepo siku hiyo, na katika faili langu la miaka yote hii hakuna barua hata moja ya onyo.

29 Mei

Ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa nyuma, kiti cha mafundi, karibu na mlango. Jopo watu watatu, katikati Profesa Elinipa na miwani yake kwenye ncha ya pua.

Hajira alizungumza dakika arobaini. Sitaweza kuandika jinsi alivyozungumza. Watu waliokuja kusinzia hawakusinzia. Alipoonyesha mti wa mwisho, mzee mmoja wa jopo alitoa sauti kama mtu aliyeonjeshwa asali.

Halafu Profesa akageuza kurasa. "Chambo hakikugandishwa. Hili ni jambo la mwaka wa kwanza. Kosa la nani?"

"La kwangu," Hajira akasema. "Mradi ni wangu."

"Ulijua kwamba chambo kinagandishwa?"

"Nilijua."

"Ulijua, na hukugandisha?" Profesa akavua miwani. "Basi niambie kwa nini niamini vichupa vyako vingine. Mtu anayejua na hafanyi, mimi simwamini na hata jeli zake siziamini."

Hajira alikuwa na jibu, lilikuwa limekaa kiti cha nyuma, na hakuligeukia hata kwa jicho. Nikaona anavyosimama wima, peke yake, akiubeba uongo wangu kama mzigo wake. Mkuu wa kituo alikuwa ananitazama? Sijui. Miguu ilishanyanyuka.

"Profesa, samahani," nikasema. Ukumbi mzima ukageuka, maana fundi haongei kwenye jopo. "Yeye aliagiza. Mimi ndiye sikugandisha, na aliponiuliza nilimdanganya. Naitwa Efrazia, fundi wa maabara. Alipojua, hakuniamini mpaka alipokwenda kupima kama kweli nimekosea. Vichupa vyake viaminini. Mimi ndiye wa kutiliwa shaka."

Mtu mmoja alikohoa. Profesa akavaa miwani, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikajua ni barua yangu ya onyo.

"Mama Efrazia," akasema. "Mliporudi msituni mara ya pili, mlihakikishaje kwamba hakuna mbawakawa hata mmoja aliyetoka nje ya msitu? Nieleze hatua kwa hatua."

Nilimtazama Hajira nikidhani swali ni lake. Yeye alikuwa ameshavuta kiti, amekaa, ameniachia ubao nijibu mimi.